Usimuulize "mama nani": namna ya kusimama na ndugu anayetafuta mtoto, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Mwaka jana tulikuwa kwenye arobaini ya mtoto wa jirani hapa Mikindani, wanawake tumejaa ndani kwenye mikeka, kichanga kinapita mkono kwa mkono kila mtu anakibeba kidogo anakiombea dua, kikafika kwa wifi yangu. Wifi akakipokea, akaiweka shingo vizuri, akaanza kukipepea na upindo wa kanga maana joto siku ile lilikuwa sio la kawaida. Hata dakika haijaisha mama mmoja mtu mzima akanyoosha mikono akasema "nipe mimi, kichanga kinabebwa na aliyezaa." Wala hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayekwambia mboga imezidi chumvi. Wifi akampa. Akabaki na ile kona ya kanga mkononi, anaikunja anaikunjua, anaikunja anaikunjua, mpaka sinia la pilau linafika bado anaikunja, na sisi wote tuliokuwepo, na mimi wifi yake nikiwa hapo hapo, tukaendelea na stori zetu.

Naandika hii kwa sababu ya ule ukimya. Yule mama alikosea ila sisi tulikuwa zaidi ya 20 na hakuna aliyefungua mdomo. Wifi na mdogo wangu wana miaka sita kwenye ndoa hawajapata mtoto, wamenipa ruhusa niandike mradi nisitaje majina, na mambo mengi nitakayosema hapa nimeyajua kwa kuyakosea kwanza halafu nikaja kufundishwa, na wifi mwenyewe, na manesi, na dokta tuliyeenda kwake baadae.

Kabla hujamsaidia mtu, jua unachozungumzia

Kitaalamu wanandoa wanahesabika wana tatizo la uzazi pale wanapokutana kimwili mara kwa mara bila kinga yoyote kwa miezi 12 na mimba haijaingia. Mwanamke akiwa amefika miaka 35 au zaidi asisubiri mwaka, miezi 6 tu inatosha aende akaonwe. Kwa hiyo bi harusi wa miezi mitatu ambaye mama mkwe ameshaanza kumwangalia tumbo, huyo hana tatizo lolote, tatizo ni hayo macho. Na kwa upande mwingine kuna waliokaa miaka mitano wanaambiwa "subirini tu Mungu ataleta", nao wanapoteza muda ambao dokta angeutumia vizuri.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa takwimu kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita anakutana na hili tatizo kwenye maisha yake, na sio Ulaya tu wala sio maskini tu, ni kote. Hebu chukua kikoba chako chenye wanachama 30, piga hesabu. Ni kama watu watano hao, na we unawafahamu labda mmoja, hao wengine wamekaa kimya wanachangia maziwa ya watoto wa wenzao kila mwezi.

Alafu kuna wale ambao tayari wana mtoto mmoja na wa pili hapatikani. Hao watu huwa hawawaonei huruma kabisa, wanaambiwa "si una mmoja, shukuru". Na wao wanaumia vilevile, na mara nyingi tatizo limeingia baada ya ule uzazi wa kwanza, mfano maambukizi aliyopata baada ya kujifungua yakapanda juu mpaka kwenye mirija.

Anza na mdomo wako

Hapa ndo pagumu kuliko hospitali, amini nakwambia.

Kwetu mwanamke akishaolewa jina lake linaondoka, anasubiriwa awe mama fulani. Ukikutana na mtu ferini au sokoni swali la pili baada ya salamu ni "mama nani wewe?" Wifi aliniambia alikuwa anazunguka njia ya nyuma kwenda dukani ili asikutane na swali hilo, na mi nilikuwa nafikiri anaringa. Sasa fanya hivi: mtu ambaye humjui muulize jina lake. "Nikuite nani dada?" Basi, inatosha. Na kama kwenu lazima mtu aitwe mama wa mtu ili aonekane ana heshima, kumbuka Bibi Aisha mke wa Mtume hakuzaa, na aliitwa Umm Abdillah kwa jina la mtoto wa dada yake. Alipewa heshima ya jina na hakuna aliyemwambia kwanza kazae. Sisi siku hizi nyumbani tunamwita wifi kwa jina la mwanangu wa mwisho, tulimuuliza kwanza kama anapenda akasema anapenda. Sio wote watapenda, kwa hiyo uliza.

Maneno ya kufuta kabisa: tasa, "anajaza choo", "mti usiozaa", "kizazi kimeoza". Hilo la kujaza choo nimelisikia likisemwa ukumbini mbele ya watu kama utani wa mashemeji, utani huo haupo, mtu anaenda nao kitandani unamla usiku kucha. Hata mgumba sio neno la kumwita mtu usoni. Sema "wanatafuta mtoto", sema "bado hawajajaliwa", ni rahisi na ni kweli.

Na hizi za kujifanya faraja nazo ziache. "Usiwaze sana ndo utapata", hii inamfanya aone kosa ni lake kuwaza. "Chukua hata mtoto wa dada yako ulee utafungua kizazi", mtoto sio ufunguo, mtoto wa watu analelewa kwa sababu anapendwa. "Fulani wa Tandahimba alikaa miaka 14 akapata mapacha", hii nimeisema mimi mwenyewe labda mara kumi na wifi alikuwa anaitikia "inshallah" kila mara, kumbe kila nikisema anahesabu amebakiza miaka minane ya kuteseka.

Sasa useme nini? Mara nyingi usiseme kitu, kaa. Njoo na ming'oko yako mkae mmenye, muongee habari za minada, za mvua, za mtoto wa jirani aliyefaulu. Kama kaamua kufungua mwenyewe, msikilize mpaka amalize, halafu muulize "unataka nikusaidie kutafuta au unataka tu nikusikilize?" Hilo swali nimefundishwa na nesi mmoja na limeniokoa mara nyingi. Na ukiwa ukumbini mtu akarusha neno, usimwachie yeye ajitetee. We ndo ujibu. "Mama, hilo tuliache." Sauti ya chini tu. Ningesema hayo maneno matatu siku ile ya arobaini ningekuwa na amani leo.

Ukipata mimba wewe, au binti yako, mwambie mapema na mwambie kwa meseji au pembeni kabla ya kumtangazia mbele za watu, ili alie kwake kwanza, ajipange, ndo aje kukupongeza. Kumficha ni kubaya zaidi, atajua tu na atajua kwamba mmemficha.

Mwanaume apimwe, na apimwe mapema

Hii nataka niiseme kwa herufi kubwa ila nitajizuia. Karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, upande wa mwanaume una mchango, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Nusu! Na kipimo cha mwanaume ndo chepesi kuliko vyote, hakuna sindano, hakuna kupasuliwa, hakuna kulazwa. Lakini wifi yangu alikunywa mizizi ya kila aina, alipakwa, alikandwa tumbo, kuna kituo kimoja alipewa vidonge miezi minane na hakuna aliyemuuliza mumeo yuko wapi. Mdogo wangu muda wote huo alikuwa anakunywa kahawa kijiweni.

Kinachowazuia ni kuchanganya mambo mawili. Mwanaume anafikiri kama tendo analiweza basi mbegu zipo. Hapana jamani, nguvu za kiume ni kitu kingine na mbegu ni kitu kingine, mtu anaweza kuwa na nguvu kama trekta na mbegu zikawa chache sana, au zipo ila hazikimbii, au hamna kabisa kwa sababu njia imeziba. Majimaji yanatoka kama kawaida, kwa macho huwezi kujua, mpaka hadubini. Kwa hiyo kumwambia akapime sio kumwambia yeye hanithi. Mi nilimwambia mdogo wangu hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, kwa sababu mimi dada yake mkubwa naweza, mkewe angesema ingekuwa kesi. Kama we ni kaka, mjomba, babu, rafiki yake wa kijiweni, hiyo ndo kazi yako kwenye hili jambo, hakuna mwingine atakayeifanya.

Jinsi kinavyofanyika: asikutane na mwanamke kwa siku mbili mpaka saba kabla, sio chini ya mbili wala sio zaidi ya saba. Kichupa anapewa maabara. Anajitoa mwenyewe kwa mkono, bila sabuni bila mafuta bila mate, na asitumie kondomu za dukani maana zina vitu vinavyoweza kudhuru mbegu. Kama hawezi kufanyia pale hospitali basi anafanyia nyumbani ila kifike ndani ya saa moja na kisipoe, kinakaa karibu na mwili. Mdogo wangu anakaa Naliendele, alikiweka ndani ya shati kwenye ubavu, akapanda bodaboda kuja mjini mkono mmoja umeshikilia boda mkono mwingine umebana ubavu, dereva akamuuliza "bro tumbo linauma?" akamjibu ndio. Aliponisimulia hiyo nilimwona jinsi alivyokuwa mpweke ile asubuhi. Ningejua ningempeleka mwenyewe.

Majibu yakiwa mabaya usipige kelele, dokta atataka kurudia, kipimo kimoja hakitoshi. Na mbegu zinachukua kama miezi miwili na nusu mpaka mitatu kutengenezwa, kwa hiyo akiacha leo gongo na sigara matokeo hayaonekani wiki ijayo. Mdogo wangu aliambiwa hivyo, akaacha uraka na sigara msimu mzima wa mabibo, watu wakamcheka, akavumilia.

Mambo mengine ya wanaume yanayostahili kuangaliwa, hasa huku kwetu: busha. Pwani yetu hii ya kusini mabusha yapo mengi kwa sababu ya mbu wanaoeneza vile vijidudu vya matende, na wanaume wanayaficha mpaka yanakuwa makubwa. Busha linatibika kwa upasuaji, akaonwe. Mishipa iliyovimba kwenye korodani nayo dokta anaiangalia. Matubwitubwi aliyougua akiwa ameshabalehe yanaweza kushuka kwenye korodani. Kisonono na klamidia vinaziba njia. Na vijana wanaochoma sindano za kutanua misuli za homoni za kiume, hizo zinaweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu, wao wanafikiri wanaongeza uanaume.

Upande wa mwanamke

Hapa sababu ni nyingi na zote zinajificha nyuma ya neno "chango". Mtu akiumwa tumbo la hedhi ni chango, asiposhika mimba ni chango, dawa ya chango inauzwa kila kona. Neno lenyewe sio kosa ila linazuia kuuliza chango gani.

Kuna mayai kutopevuka, hii inajionyesha mara nyingi kwa hedhi inayoruka, mara miezi miwili mara mitatu, na ina dawa za hospitali zinazosaidia wengi. Kuna mirija kuziba, ambayo kwetu Afrika inasababishwa sana na maambukizi, hasa klamidia na kisonono ambavyo kwa mwanamke vinaweza kukaa ndani miaka bila maumivu yoyote, pia utoaji mimba wa kificho, pia uchafu kuingia wakati wa kujifungua, na hata kifua kikuu kinaweza kushuka kwenye mirija. Kuna uvimbe kwenye kizazi, ambao sio kila uvimbe unazuia mimba, inategemea umekaa wapi. Kuna ile hali ya nyama za ndani ya kizazi kuota nje ya kizazi, ambayo dalili yake ni maumivu makali mno ya hedhi, msimwambie binti "ndo ukubwa huo" kila siku. Kuna thairoidi na homoni nyingine. Na kuna kichocho, hiki nilishangaa sana. Kichocho cha mkojo tulichokulia nacho kwenye mabwawa na mito, kwa mwanamke mayai ya wale minyoo yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi na kwenye mirija yakaleta makovu. Kama uliwahi kukojoa damu utotoni mwambie dokta, wengi hatusemi kwa sababu tuliona kawaida.

Umri nao upo, mayai ya mwanamke yanapungua ubora hasa kuanzia miaka 35 kwenda juu, hii sio kumtisha mtu, ni ili asipoteze miaka kwa dawa za mitaani.

Na kuna ndoa zinapimwa kila kitu kinaonekana sawa na bado hawapati. Hilo nalo lipo.

Kuhusu sindano na vijiti vya uzazi wa mpango: havimfanyi mtu awe tasa. Sindano ile ya miezi mitatu ukishaiacha mzunguko unaweza kuchelewa kurudi miezi kadhaa, hata karibu mwaka, lakini unarudi. Nimesikia mama wakwe wanamlaumu binti "ulichoma sindano ukajifunga" na ndoa ikavunjika.

Zile dawa za kuweka ukeni "kusafisha kizazi", naomba kabisa msimnunulie wifi yenu. Kizazi hakihitaji kusafishwa, kinajisafisha, na unachokiingiza kule kinaweza kumuunguza na kumwongezea maambukizi ambayo ndo hayo hayo yanayoziba mirija. Mganga mimi simsemi vibaya, wazee wetu wametibiwa, lakini kama mnaenda kwake msiache hospitali, na dokta aambiwe kila kilichonywewa.

Siku ya kwenda hospitali

Waende wote wawili. Wasipoweza wote, aende mmoja na karatasi za mwenzake.

Anzia kituo chako cha afya wakupe rufaa, au hospitali ya mkoa, Mtwara ni Ligula na Lindi ni Sokoine, pia kuna Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, walioko Masasi wana Ndanda, walioko Mtama wana Nyangao. Ulizia siku za daktari bingwa wa magonjwa ya akina mama kabla hujapanda gari, mtu anatoka Mahuta au Nangurukuru anafika anaambiwa dokta yupo Alhamisi, nauli imekwenda. Uliza na gharama za vipimo na kama bima yako inalipia kipi, usikisie.

Kwenye daftari aandike tarehe ya kuanza hedhi kwa miezi kama mitatu hivi, ndo kitu cha kwanza watakachouliza. Na hapo hapo ajifunze siku zake: yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi INAYOFUATA, sio siku 14 baada ya iliyopita kwa kila mtu, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake ni kama siku ya 21. Yai linaishi saa 12 mpaka 24, mbegu zinaweza kuishi mpaka siku tano, ndo maana wanashauri kukutana kila baada ya siku moja au mbili kuanzia siku tano kabla. Nina majirani, mume anavua, anakaa dago, yaani kambi ya wavuvi, wiki tatu anarudi wiki moja, miaka miwili wanahangaika na dawa, kumbe zile siku hawajawahi kuwa pamoja.

Vipimo vya kawaida ni damu ya homoni, utrasaundi, magonjwa ya zinaa, na kile cha mbegu cha mume. Picha ya mirija, ile wanaita HSG, inapigwa baada ya hedhi kuisha na kabla yai halijatoka, kama siku ya 6 hadi ya 10, wanapitisha dawa kwenye kizazi wanapiga eksirei. Inauma kiasi. Wifi alienda peke yake akarudi na daladala ameinama, kwa hiyo kama we ni ndugu ndo siku ya kumsindikiza, beba kanga ya ziada na pedi maana anaweza kutoka matone, na mpikie jioni.

Majibu yote omba nakala, uyaweke kwenye bahasha moja. Ukihama hospitali bila karatasi unaanza upya na hela inaanza upya. Na mwanamke aanze kumeza foliki asidi mikrogramu 400 kwa siku wakati bado anatafuta, inamkinga mtoto atakayekuja na tatizo la uti wa mgongo.

Ikifika hatua ya kupandikiza, yaani yai na mbegu vinakutanishwa maabara halafu kiinitete kinarudishwa kwa mama, hiyo huku kwetu mtu anaenda Dar, kilomita zaidi ya 500 kutoka Mtwara, na ni hela nyingi sana na haimhakikishii mtu, wengi inabidi warudie. Sio uchawi wala sio mtoto wa plastiki kama nilivyowahi kusikia mtu anasema, mtoto wa kwanza alizaliwa hivyo Uingereza mwaka 1978 na amekuwa mtu mzima akazaa watoto wake mwenyewe.

Hela nyingi za familia zetu zinakuja kipindi cha minada ya korosho, kuanzia Oktoba hivi. Na sote tunajua msimu huo ndo wanaume wanaoa wake wa pili, na mwanamke asiye na mtoto akiona magunia yanapimwa ghalani roho yake inaruka. Kaka zangu, kabla ya mahari ya pili toeni kwanza ya vipimo. Kama tatizo ni mbegu zako, huyo wa pili naye utamweka kwenye mateso yale yale. Nimeshaona mwanaume ana wake watatu na wote wanaitwa tasa.

Wazee, makungwi na dini

Sisi Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo wa asili tunauhesabu kwa mama. Kwa hiyo binti asipozaa anasemwa pande mbili, kwa mumewe na kwa wajomba zake pia, "ukoo unafia kwako". Ndo maana mimi nasema ukitaka kumsaidia mtu kwa kweli tafuta mjomba mmoja mwenye kusikilizwa, mkae naye faragha, umweleze kwamba watoto wako hospitali, wanapimwa wote wawili, na unamwomba akifunga kikao hilo jambo lisiletwe tena mezani mpaka wenyewe waseme. Sisi ilichukua vikao viwili. Mjomba alikubali, na tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza wifi chochote kwenye misiba wala harusi.

Makungwi na manyakanga wana nafasi kubwa mno na hatuitumii. Binti anakaa unyagoni anafundishwa kumtunza mume na kujisafisha, mvulana anatoka jandoni ameambiwa sasa ni mwanaume. Hapo hapo mtu angeweza kuongeza mawili matatu: kisonono kinatibiwa haraka na mwenzako anatibiwa pia, usimeze dawa nusu ukamwachia rafiki, maumivu yanayokulaza kila mwezi yaseme, na mtoto anatafutwa na watu wawili. Nimeongea na kungwi mmoja wa Newala akanisikiliza vizuri sana, akasema hilo la mwisho ataliweka kwenye nyimbo.

Kwa upande wa dini, Nabii Zakaria aliomba mtoto uzeeni na hakuna anayemwona pungufu. Hana kwenye Biblia alisimangwa na mke mwenzie mpaka akawa hali chakula. Na Surat Ash-Shura aya ya 49 na 50 inasema wazi kwamba Mwenyezi Mungu humpa amtakaye watoto wa kike na amtakaye wa kiume na humjaalia amtakaye kuwa mgumba. Shehe au mchungaji akiyasema hayo Ijumaa au Jumapili watu watanyamaza kuliko nikisema mimi. Ila asiitumie hiyo aya kumzuia mtu kwenda hospitali, dua na dawa vinakwenda pamoja.

Wakifika mahali wakaamua wenyewe kulea mtoto, kwa ndugu makubaliano yawe wazi mbele ya wazee, na kama ni mtoto asiye na wazazi waanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, kuasili mtoto kunaenda kwa sheria na kunamalizikia mahakamani, wasipokee mtoto kwa mtu mlangoni. Na wakiamua kukaa wawili hivyo hivyo, nyumba ya watu wawili nayo ni nyumba, wapelekeeni sahani siku ya Idi kama mnavyopeleka kwa wengine.

Mwanaume naye analia, sema kwa siri. Mdogo wangu alipopata yale majibu ya kwanza alikaa siku nne haendi kijiweni. Usimwambie jikaze. Mpe kazi mfanye pamoja, sisi tulipalilia mikorosho, tukiwa shambani akaongea yote.

Jumamosi ijayo kuna arobaini nyingine, ya mtoto wa binti yangu, hapa hapa Mikindani. Wifi nimempigia simu, sikumwambia lazima aje, nimemuuliza tu kama angependa, na kwamba akija ningeomba yeye ndo ambebe mtoto wakati wa kunyolewa, na kwamba asipokuja sahani yake itamfuata Naliendele na hakuna atakayeuliza. Akanyamaza kidogo. Akasema atanijibu Ijumaa.